Kidole gumba, fimbo iliyovunjika na mshahara wa kikosi cha misitu: uchambuzi wa kisa kimoja

Kuhusu kisa hiki

Mhusika ni mwanamke wa Kiitaliano aliyeshindana katika skii za masafa marefu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2002. Nimeondoa jina lake, la kijiji chake, na ya wapinzani, wenzake na madaktari wake. Nitamwita Bianca. Miaka na miji ya mashindano nimeiacha ilivyo, kwa hiyo anayeufuatilia mchezo huu atamtambua kabla hajafika katikati, wala si neno. Sikuficha jina kwa ajili ya siri. Ni kwamba ukiwatajia walimu wa riadha jina la bingwa mwenye medali kumi za Olimpiki, wanaacha kuuliza: kila alichofanya kinaonekana sahihi, maana alishinda. Ukilitoa jina, wanabishana, na hapa yapo ya kubishania.

Mchezo wenyewe

Kwa msomaji ambaye theluji yake ni ile ya kileleni Kilimanjaro, iliyoonwa kwa mbali: hizi si zile skii za kushuka mlima kwa kasi. Hapa mtu anapanda, anashuka na kukata tambarare kwa nguvu zake mwenyewe, kilomita 5, 10, 15 au 30 kwa wanawake wa enzi hizo. Ukitaka kuufananisha, ufananishe na mbio za nyika, ila mikono nayo inafanya kazi, kwa sababu kila mkono una fimbo ya kujisukumia.

Mitindo ni miwili. Katika ule wa kale, skii huenda sambamba ndani ya mifereji iliyochongwa kwenye theluji, na mtu hupiga hatua kama anayekimbia. Katika mtindo huru husukuma skii kwa ubavu, mguu huu kisha ule, kama anayeteleza kwenye barafu. Mitindo yote miwili ina jambo moja litakalotuhusu sana: kiatu hushikwa kwenye skii sehemu ya mbele tu. Kisigino kiko huru, kinapanda na kushuka. Kila msukumo unamalizikia kwenye vidole, na hasa kidole gumba.

Usuli

Bianca alikulia katika bonde la milima ya Alpi mkoani Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, karibu na mpaka wa Ufaransa. Umbo lake lilikuwa dogo mno kwa mchezo uliotawaliwa na Warusi na watu wa nchi za Skandinavia. Italia haikuwa ngeni kabisa kwa ushindi. Franco Nones alikuwa ametwaa dhahabu ya kilomita 30 huko Grenoble mwaka 1968. Lakini hadi 1992 hakukuwa na mwanamke wa Kiitaliano aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki katika skii za masafa marefu.

Jambo la pili katika usuli wake, na watu huliruka, ni ajira. Bianca alikuwa mtumishi wa kikosi cha serikali cha kulinda misitu. Italia huwalea wanamichezo wake wengi wa majira ya baridi kwa njia hii: polisi, jeshi, walinzi wa fedha na forodha, wote wana timu zao, na mwanamichezo ni mwajiriwa mwenye mshahara na cheo. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo zaidi, kwani anawajua wakimbiaji wa Polisi, Magereza na jeshi. Msomaji wa Tanzania atamkumbuka Juma Ikangaa, aliyekimbia marathoni akiwa ofisa wa jeshi.

Yaliyotokea

Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa Calgary, 1988, akiwa na miaka 19. Mwaka 1991, kwenye mashindano ya dunia yaliyofanyika nyumbani Italia, Val di Fiemme, alipata shaba ya kilomita 15, na fedha ya kupokezana pamoja na wenzake. (Katika skii hakuna kijiti cha kupokezana. Anayefika humgusa anayeondoka, basi.)

Mwaka 1992 ulikuwa wa Olimpiki ya Albertville, Ufaransa. Alipata fedha katika mbio za kufukuzana (ambazo watu huondoka wakiachana kwa tofauti za muda wa mbio iliyotangulia, na wa kwanza kufika ndiye mshindi), shaba ya kupokezana, na mwishoni kabisa dhahabu ya kilomita 30 mtindo huru, akimwacha Mrusi aliyeshika nafasi ya pili kwa sekunde kama 22. Mwaka uliofuata, huko Falun, Sweden, akawa bingwa wa dunia mara mbili. Alikuwa na miaka 24, na ungeweza kudhani mlango umeshafunguka.

Kisha kidole. Kidole gumba cha mguu kiliumia vibaya kiasi cha kuhitaji upasuaji, na baadaye upasuaji wa pili. Kwa mwogeleaji au mwendesha baiskeli hii ingekuwa taabu ya msimu mmoja. Kwa mwanaskii wa masafa marefu ni sawa na mpiga tarumbeta kuumia mdomo.

Olimpiki ya Lillehammer ikafika Februari 1994. Daktari wake hakutaka ashindane. Alikwenda. Alirudi na shaba mbili, ya kufukuzana na ya kupokezana. Katika michezo hiyohiyo mwenzake wa timu, mpinzani wake mkubwa ndani ya Italia, alipata medali katika mbio zote tano, mbili zikiwa za dhahabu.

Mwaka 1995, mashindano ya dunia yalifanyika Thunder Bay, Kanada. Bianca hakupata kitu.

Mwaka 1997, kwenye mashindano ya dunia ya Trondheim, Norway, alipata fedha nne katika mbio nne za mtu mmoja mmoja. Zote nne alikuwa nyuma ya mwanamke mmoja yuleyule, Mrusi aliyezoa dhahabu zote tano za wanawake. Kati ya hizo nne, ya kilomita 5 ilimfikia kwa njia ya mzunguko: Mrusi mwingine aliyemaliza wa kwanza aliondolewa kwa kutumia dawa iliyokatazwa, na waliomfuata wakasogea juu. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, akapata fedha ya kilomita 30 na shaba ya kupokezana. (Ndiyo michezo ambayo Mkenya Philip Boit alimaliza wa mwisho katika kilomita 10 za wanaume, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri mstarini ili amkumbatie.) Mwaka 1999, Ramsau, Austria, akawa tena bingwa wa dunia, mara mbili, miaka sita baada ya Falun.

Tufike sasa kwenye mbio ambazo kila mtu huzisimulia.

Ilikuwa tarehe 9 Februari 2002, kwenye Olimpiki ya Salt Lake City, Marekani, katika uwanja wa skii wa Soldier Hollow, jimbo la Utah, zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mbio zilikuwa kilomita 15 za wanawake, mtindo huru, dhahabu ya kwanza ya michezo ile. Ukiacha zile za kupokezana, zilikuwa pia mbio za kwanza za Olimpiki za skii za masafa marefu kuanza kwa pamoja, wanawake wote kwa mlio mmoja. Kabla ya hapo, isipokuwa katika zile za kufukuzana, kila mtu aliondoka peke yake kwa zamu na kushindana na saa. Bianca alikuwa na miaka 33 na alikwenda na kundi la mbele hadi karibu kilomita ya 10 na nusu, ambapo fimbo yake moja ilivunjika.

Fimbo hizi ni za nyuzi za kaboni. Ni nyepesi ajabu, lakini zikikanyagwa au kugongwa hazipindi; hukatika. Alikwenda mamia ya meta akisukuma kwa mkono mmoja huku kundi likimtoroka. Mtu wa timu ya Ufaransa akampa fimbo. Haikuwa ya kimo chake. Akaendelea nayo, na mbele zaidi akaipata ya timu yake mwenyewe, akabadilisha mara ya pili. Akaanza kufukuza. Alilipata kundi, akakaa nalo, na mwishoni akawashinda wote. Muda wake ulikuwa dakika 39 na sekunde 54.4. Wa pili alikuwa nyuma kwa sekunde 1.8.

Maamuzi, na sababu zake

Nayaona maamuzi matatu yenye uzito. Mengine yalijiamua.

La kwanza ni kwenda Lillehammer akiwa na kidole kibovu. Ili kumtendea haki, lazima tukumbuke jambo la kalenda. Hadi 1992 Olimpiki za kiangazi na za baridi zilifanyika mwaka mmoja. Kamati ya Olimpiki ikaamua kuzitenganisha, na kwa sababu hiyo michezo ya baridi ya 1994 ikaja miaka miwili tu baada ya ile ya 1992. Kwa kalenda ya zamani angekuwa na hadi 1996 kupona. Kwa kalenda mpya, kukosa 1994 maana yake ni kungoja 1998, akiwa na miaka 29. Ongeza wenzake watatu wa kupokezana waliomhitaji, na taifa lililomwona akiwa bingwa wa dunia miezi kumi na miwili iliyopita. Si vigumu kuelewa kwa nini hakubaki nyumbani.

La pili ni kutoacha kati ya 1994 na 1997. Huu haukuwa uamuzi wa siku moja. Ulikuwa wa kila asubuhi, na kwa sehemu kubwa haukuwa wake peke yake: kuna mtu aliyeendelea kusaini malipo yake ya mwezi.

La tatu ni lile la sekunde chache pale Soldier Hollow: asisimame, apokee fimbo isiyo yake, halafu apoteze muda tena kwa kuibadilisha.

Matokeo

Salt Lake City haikuishia pale. Katika kilomita 10 za mtindo wa kale alimaliza wa nne. Baadaye Mrusi aliyekuwa wa pili alifutiwa matokeo kwa dawa, na Bianca akawa na shaba. Katika kilomita 30, aliyevuka mstari wa kwanza aliondolewa vilevile, dhahabu ikaenda kwa mwenzake wa timu na fedha kwake. Hata mwanamke aliyemfuata kwa sekunde 1.8 katika zile kilomita 15 alikuja kunyang'anywa medali yake. Ndio ulikuwa mchezo wa miaka ile. Mwanariadha alikuwa akijua cheo chake halisi baada ya miezi, wakati mwingine baada ya mwaka na zaidi.

Alistaafu mwaka huohuo. Jumla ya Olimpiki: dhahabu 2, fedha 3, shaba 5. Mashindano ya dunia: medali 13, nne za dhahabu. Kombe la Dunia la jumla, linalohesabu pointi za msimu mzima, hakulitwaa kamwe. Mwaka 2006, Olimpiki ilipokwenda Torino, mji mkuu wa mkoa wake, yeye ndiye aliyewasha mwenge mkuu.

Uchambuzi: Lillehammer

Hapa ndipo ninapotofautiana na wasimulizi wengi. Kwa maoni yangu uamuzi wa kushindana 1994 ulikuwa mbaya, na shaba mbili hazinibadilishi mawazo.

Uamuzi hupimwa kwa kilichojulikana siku ya kuamua. Siku hiyo ilijulikana kwamba kidole hakijapona, kwamba mchezo huu unakibebesha kidole hichohicho mzigo kwa kila hatua, kwa maelfu ya hatua, na kwamba daktari amesema hapana. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na nafasi ya medali, si ya dhahabu kwa uwezekano mkubwa, dhidi ya miaka minane au zaidi ya kushindana iliyobaki. Baada ya hapo ilichukua miaka mitatu hadi aliposimama tena jukwaani peke yake katika mashindano makubwa. Huenda angechelewa hata kama angepumzika. Ila mwalimu anayekiri kwamba angempeleka mwanafunzi wake kwa sababu "si alipata shaba?" anahesabu samaki waliokwisha kuvuliwa.

Kasoro kubwa zaidi siioni kwa Bianca. Mwanariadha wa miaka 25 atataka kwenda. Tusitegemee aseme vingine. Kasoro ni kwamba neno la daktari lilikuwa ushauri tu. Mahali ambapo mwenye kuumia ndiye mwamuzi wa mwisho wa kuumia kwake, huku timu nzima ikimtazama usoni, hakuna uamuzi pale. Kuna shinikizo lililovaa nguo za uamuzi.

Uchambuzi: miaka isiyo na picha

Ukitafuta picha zake utapata za 1992 na za 2002. Kipindi kinachonivutia mimi ni katikati, hasa 1995.

Jiulize nini humpata mkimbiaji wa kulipwa anayeumia mguu kwa miaka mitatu. Zawadi za mbio hakuna, kwa kuwa hashindani. Mkataba wa viatu, kama anao, mara nyingi una kifungu cha kupunguza malipo asipofikia idadi fulani ya mbio. Wakala ana wengine wa kushughulikia. Mwaka wa pili anarudi shambani au anafungua duka, na mwaka wa tatu hakuna anayemuuliza. Simlaumu mtu, hivyo ndivyo fedha za mbio zinavyotembea.

Bianca alikuwa na mshahara. Haukuwa wa kumtajirisha, lakini ulikuja tarehe ileile iwe amepata medali au amekaa na mguu juu ya mto. Ulimpa kitu ambacho moyo wa chuma hauwezi kukitengeneza: muda. Fedha nne za Trondheim na dhahabu mbili za Ramsau zilinunuliwa kwa mshahara ule wa 1995. Ninaposikia watu wakisema alirudi kwa sababu ya "kutokata tamaa", huwa nauliza ni wangapi wengine hawakukata tamaa pia, ila kodi ya nyumba ikawakata wao.

Mfumo huu una gharama zake. Unawafunga vijana kwenye sare, na unategemea serikali isibadili mawazo. Kikosi kile cha misitu chenyewe hakipo tena. Kuanzia 2017 kiliingizwa ndani ya Carabinieri, jeshi la polisi la Italia, ingawa wanamichezo wake walihama nacho.

Uchambuzi: fimbo

Katika mbio zile yalifanywa mema mengi, na sifa ya kwanza naipeleka kwenye lile la kubadilisha fimbo mara ya pili. Kupokea fimbo yoyote ni jambo ambalo karibu kila mtu angefanya. Lakini ukishakuwa na kitu mkononi, na kundi liko mbele, kishawishi ni kusema "hii itanifikisha". Katika mtindo huru fimbo huwa karibu asilimia 90 ya kimo cha mtu. Ikizidi hapo, bega linapanda kwa kila msukumo, mgongo unapinda, na pumzi zinaisha haraka, tena kwenye mwinuko ule. Kutoa sekunde mbili tatu zaidi ili kupata kifaa sahihi kwa kilomita nne zilizobaki kulihitaji kichwa kilichotulia.

La pili ni namna alivyofukuza. Hakulimaliza pengo kwenye kilima kimoja. Mkimbiaji yeyote aliyewahi kujikwaa kwenye mbio za meta 10,000 anaijua hamu ile ya kurudi mara moja, na anajua pia mzunguko wa mwisho unavyomlipa.

Kisha bahati, ambayo haitajwi sana kwa sababu haipendezi kwenye simulizi. Mbio zilikuwa za kuanza pamoja. Kundi la mbele likiwa na watu wanaotazamana, kila mmoja akihofia kuvuta wengine, kasi hulegea, na aliyebaki nyuma anapata mwanya. Kwa utaratibu wa zamani, wa kila mtu na saa yake, sekunde zilizopotea pale kilomita ya 10 na nusu zingekuwa zimepotea kabisa, na pengine leo tungekuwa tunasoma kuhusu mwanamke mwingine.

Na kosa lipo. Bingwa wa dunia wa mara nne alikwenda mamia ya meta bila kuona mtu wa timu yake mwenye fimbo. Timu haina watu wa kujaza njia nzima, hilo linakubalika, lakini ndiyo sababu hupangwa nani asimame wapi, na vilima vyenye msongamano, ambako fimbo hukanyagwa, hupewa kipaumbele. Aliyeziba pengo lile alikuwa Mfaransa. Kanuni zinaruhusu kubadilisha fimbo njiani, na desturi ya mchezo huu ni kwamba mwenye fimbo ya ziada humpa anayeihitaji bila kuangalia bendera kifuani.

Desturi hiyo ilipata mtihani mkali zaidi miaka minne baadaye, kwenye michezo ya Torino. Katika mbio za kupokezana za watu wawili, fimbo ya Mkanada ilivunjika, na aliyemkabidhi nyingine alikuwa kocha wa Norway. Kanada ilipata fedha. Norway ikamaliza ya nne. Nikifika hapo darasani huwa nawauliza walimu kama wangetoa ile fimbo, na kipindi kinaisha hatujaelewana.